Kamba ya Mita Sita

Darasa letu la tano lilikuwa na mjinga rasmi. Nasema rasmi kwa sababu cheo hicho alipewa na mwalimu mbele ya darasa zima, na sisi wanafunzi tukakipitisha kwa makofi na vicheko. Tulikaa naye dawati moja, la nyuma kabisa. Mwalimu akiandika hesabu ubaoni, mwenzangu hakuangalia ubao, aliangalia daftari langu. Akikatazwa kuangalia daftari langu, basi aliandika anavyobahatisha: 3 ikawa 8, jumlisha ikawa zidisha. Viboko alivyokula mtoto yule, jamani, vikipangwa kimoja kimoja vingetoka Geita vikafika Kahama.

Darasa la sita hakulimaliza. Nilikuja kumwona siku moja huko Nyarugusu, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Alikuwa amechuchumaa kando ya dimbwi, karai mkononi, anatikisa mchanga na maji. Wenzake walimwita "Macho". Eti chembe ya dhahabu ndogo kuliko punje ya sukari haimpiti! Nilicheka sana. Niliporudi nyumbani nikaandika hadithi yangu ya kwanza, na ndani yake nikamweka yeye kama kichekesho, mjinga wa darasa aliyegeuka bingwa wa mchangani. Wote walioisoma walicheka pia.

Ilinichukua miaka kutambua kwamba niliandika dalili nikidhani naandika vichekesho. Mtoto anayeona chembe ya dhahabu shubiri moja kutoka puani, lakini haoni tarakimu ya ukubwa wa kiganja iliyoko mbele ya darasa, huyo hana ujinga wowote. Ana macho yasiyoona mbali.

Makala haya, ndugu msomaji, ni historia ya swali moja dogo: "Unaona nini pale?" Ni swali ambalo mwenzangu hakuulizwa hata siku moja.

Kwanza tuelewane kuhusu jicho lenyewe. Jicho lisiloona mbali, mara nyingi, ni refu kuliko kawaida kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanga unaotoka kwenye kitu cha mbali hukutana kabla haujaufikia ule utando wa nyuma unaopokea picha, kwa hiyo picha inatua pale ikiwa ukungu. Kitu cha karibu hakina shida, picha yake inatua mahali pake barabara. Ndiyo maana mtoto huyo husoma kitabu vizuri akikisogeza usoni, hutunga uzi kwenye sindano, na huokota dhahabu kwenye karai. Kinachomsaidia ni miwani yenye lenzi zilizobonyea katikati, ambazo huusukuma mkutano wa mwanga urudi nyuma hadi mahali panapotakiwa. Basi, hakuna uchawi wala laana ya ukoo.

Lakini fumbo liko hapa. Mtoto mwenyewe hajui kwamba haoni! Ataujuaje ukungu mtu ambaye hajawahi kuazima macho ya mwenzake? Anadhani dunia iko hivyo kwa watu wote, kwamba miti haina majani mpaka uisogelee, kwamba ubao ni kitu cheusi chenye michirizi myeupe na wenzake wana akili ya kuitafsiri. Mgonjwa wa jino hulia mwenyewe usiku na nyumba nzima ikaamka. Huyu halii. Usilolijua, walisema wahenga, ni kama usiku wa giza. Kwa hiyo yeye hawezi kwenda kwa mganga wa macho. Lazima kipimo kimfuate alipo, na alipo ni darasani.

Kipimo hicho kina umri wa zaidi ya miaka 160. Mwaka 1862, katika mji wa Utrecht huko Uholanzi, daktari wa macho Herman Snellen alichapisha chati ya herufi zinazopungua ukubwa mstari hadi mstari. Ni chati ile ile unayoiona hadi leo ukutani hospitalini. Siku hizi mtu husimama mita 6 kutoka kwenye chati, akafunika jicho moja, akasoma. Akiambiwa macho yake ni 6/12, maana yake ni kwamba anachokiona yeye akiwa mita 6, mwenye macho mazuri angekiona akiwa mita 12. Na kwa asiyejua kusoma ipo chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku. Mtoto anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi, juu, chini, kushoto au kulia. Ukiitazama vizuri, hapo hakuna mashine wala umeme. Kuna karatasi, kuna kamba ya kupimia mita sita, na kuna mtu mwenye subira ya kuuliza.

Miaka michache baadaye, kati ya 1865 na 1866, daktari mwingine, Hermann Cohn, aliingia na kipimo madarasani. Ilikuwa katika mji wa Breslau, uliokuwa wa Prussia, ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Cohn alikagua macho ya wanafunzi 10,060, na mwaka 1867 akachapisha alichokiona. Katika shule za vijijini, wasioona mbali walikuwa kama mmoja tu katika kila mia. Katika shule za juu za mjini, zilizoandaa vijana kwenda chuo kikuu, walizidi robo ya wanafunzi wote. Yaani kadiri shule ilivyopanda, ndivyo macho yalivyoshuka! Cohn alilaumu madawati mabovu na madarasa yenye giza. Sayansi ya siku hizi imemrekebisha kidogo na kumuunga mkono kidogo, kwa kuonyesha kwamba mwanga wa nje huyalinda macho ya mtoto. Huko Guangzhou, China, matokeo ya jaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu walipata kasoro hii kwa asilimia 30, wakati wenzao ambao hawakuongezewa walifika karibu asilimia 40.

Mchungaji wa ng'ombe wa Usukumani angewacheka hao wote. Yeye mwanga wa nje anao tangu alfajiri hadi jioni, na kazi yake yote ni kuangalia mbali. Mtoto asiyetambua ng'ombe wa baba yake ng'ambo ya mbuga, nadhani, hakukaa na siri hiyo muda mrefu. Lakini shule ilipokuja ilibadilisha mtihani wa macho. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, na tangu hapo, kidogo kidogo, mtoto wa nchi hii akaanza kupimwa akili kwa kitu kilichoandikwa ukutani, mbali na alipoketi. Ikiwa hakioni, basi amefeli.

Uhuru ulipokuja, waganga wetu wa macho walikuwa na vita kubwa zaidi. Kulikuwa na vikope, kulikuwa na surua, kulikuwa na upungufu wa vitamini A. Daktari Allen Foster, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, alichapisha pamoja na Alfred Sommer mwaka 1987 uchunguzi wa watoto 130 wa Kitanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho. Zaidi ya theluthi moja ya vidonda hivyo vilifuatana na surua. Wapo walioumia kwa kukosa vitamini A. Wengine macho yao yaliharibiwa na dawa za kienyeji walizotiwa na wazazi waliotaka kuwaponya. Mganga mwenye watoto wanaopofuka mlangoni kwake hana nafasi ya kwenda kumtafuta yule anayeona ukungu ubaoni. Sidhani kama yupo wa kumlaumu.

Ila katika miaka hiyo hiyo madarasa yalikuwa yanafurika. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 mpango ukaanza nchi nzima. Lilikuwa jambo jema, tena kubwa; mimi na wewe huenda tusingesoma bila hilo. Lakini darasa likijaa, safu ya nyuma inazidi kurudi nyuma, na anayekaa huko anazidi kuwa mbali na chaki.

Mpaka tunafika mwaka 2000. Mwaka huo mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu, magari yakapishana, wageni wakamiminika, kila mtu akaongea habari ya wakia. Mwaka huo huo jarida moja la Uingereza la wataalamu wa macho lilichapisha utafiti wa Susanne Wedner na wenzake, akiwemo mtafiti wetu Rebecca Balira. Walipima wanafunzi katika shule tatu za msingi za vijijini mkoani Mwanza. Kumbuka kuwa Geita wakati ule ilikuwa wilaya ya Mwanza; imekuwa mkoa mwaka 2012. Waliopimwa walikuwa 1,438. Waliokutwa na uoni mbaya wa macho yote mawili, chini ya 6/12, walikuwa 10, na wa jicho moja 14. Ni wachache, kama wale wa vijijini wa Cohn.

Lakini mimi kilichonisimamisha katika utafiti ule ni kitu kingine. Kabla wataalamu hawajapima, walimu wa shule zenyewe walipewa chati ya E wakapima wanafunzi wao. Kumbe walimu waliweza! Kati ya watoto wenye uoni mbaya wa macho yote mawili, waliwagundua wanane katika kila kumi. Kweli, waliwashuku pia baadhi ya wazima, kama tisa katika kila mia, lakini kosa hilo hurekebishwa na mganga kwa dakika chache. Mwalimu yule yule mwenye chaki, anayeweza kumwita mtoto mjinga, anaweza pia kumwambia: "Wewe huoni, njoo ukae mbele." Tofauti ni karatasi moja na kamba.

Mwaka 2002 watafiti hao walirudi na matokeo ya shule za sekondari za Mwanza mjini. Hapo picha ilikuwa tofauti. Wanafunzi 2,511 walipimwa. Wenye kasoro kubwa ya kuhitaji miwani walikuwa 154, na wengi wao, asilimia 5.6 ya wanafunzi wote, hawakuona mbali. Katika wale wenye kasoro, waliokuwa wakivaa miwani kabla ya kupimwa ni asilimia 30 tu. Saba katika kila kumi walikuwa wanasoma sekondari kwa kubahatisha! Watafiti waliandika wazi kuwa upimaji wa kila mara katika sekondari unastahili kuanzishwa nchini. Wito huo sasa umepita miaka ishirini.

Hesabu za Breslau na Mwanza zinafanana kwa sura, kijiji kidogo, sekondari zaidi. Wataalamu wakaona ni busara kupima sekondari kwanza, maana ndiko waliko wengi. Nakubali. Ila mimi niliyekaa dawati la nyuma nina swali. Kidato cha kwanza cha wakati ule walifika wale waliofaulu darasa la saba. Yule aliyefeli la saba kwa sababu hakuona ubao angehesabiwa wapi? Hayumo sekondari, kwa hiyo chati ya sekondari haimkuti. Huenda hayumo tena hata shule ya msingi, ameshaacha. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu Geita, Shinyanga na Mbeya, mashimoni na kwenye zebaki. Sithubutu kusema kwamba watoto wale wana macho mabovu. Umaskini una njia nyingi za kumfikisha mtoto shimoni. Nasema tu kwamba mmoja wao ninamfahamu, na kwamba hata mtoto mmoja katika mia, kwenye shule yenye watoto 700, ni watoto saba wenye majina.

Hata dunia yenyewe ilichelewa kuwahesabu. Kwa miaka mingi takwimu za Shirika la Afya Duniani zilimpima mtu kwa namna ambavyo angeona akipewa miwani bora inayomfaa. Kama miwani ingemsaidia, hakuingizwa kwenye hesabu ya wasioona vizuri, hata kama miwani yenyewe hajawahi kuishika. Ni sawa na kusema mwenye njaa ameshiba, kwa kuwa chakula kingemshibisha! Walipobadilisha hesabu na kuwaingiza wanaokosa miwani, mwaka 2006 shirika hilo lilitangaza kwamba watu milioni 153 duniani hawaoni vizuri kwa kukosa tu lenzi, na watoto wa miaka 5 hadi 15 kati yao ni kama milioni 13. Watu hao hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwepo siku zote, kalamu tu ndiyo iliyokuwa imewaruka.

Haya, tuseme mtoto amepimwa, amegundulika. Je, kisa kimekwisha? Wapi! Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo kutoka Dar es Salaam, ambako walipimwa wanafunzi 6,904 wa kidato cha kwanza. Waliohitaji miwani waligawanywa kwa shule: huku walipewa miwani ya bure, kule wakapewa cheti tu wakanunue wenyewe. Baada ya miezi mitatu, katika kundi la bure waliokuwa na miwani yao, ama usoni ama shuleni, ni asilimia 47. Katika kundi la cheti ni asilimia 26. Kwa hiyo cheti bila miwani ni karatasi, na hata miwani ya bure, zaidi ya nusu haikuonekana shuleni. Kwa nini? Bei ni sababu moja. Nyingine ni wazazi wanaoogopa kwamba miwani itazidi kuharibu macho ya mtoto. Nyingine, jamani, ni sisi. Ni utani wa wenzake darasani. Nani kati yetu hajamwita mtu "babu" au "profesa" kwa sababu ya vioo viwili usoni?

Upimaji una faida nyingine ambayo Shinyanga inapaswa kuijua kuliko mahali pengi. Baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, watoto wengi walikimbiziwa katika Shule ya Msingi Buhangija, pale Shinyanga mjini. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu tangu kuzaliwa. Miwani huwasaidia baadhi yao kwa kiasi, haiwamalizii tatizo; wanahitaji kukaa mbele, maandishi makubwa, na kivuli cha kuwakinga na mwanga mkali. Bila kupima, mtoto wa namna hii huchukuliwa kuwa kipofu au kuwa mzembe, na yote mawili ni uongo. Kipimo ndicho kinachosema huyu miwani inamtosha, huyu anahitaji msaada zaidi, na yule apelekwe hospitali haraka.

Tangu wito ule wa 2002 mambo yamebadilika. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, zikaja shule za kata, na kuanzia mwaka 2016 ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa kwenye shule za serikali. Watoto wa Rwamgasa na Kakola ambao zamani wangeishia la saba sasa wanaingia kidato cha kwanza kwa maelfu. Ni furaha. Lakini ikiwa alichokiona Cohn kina ukweli, basi tunavyowapeleka watoto wengi zaidi kwenye vitabu, ndivyo tutakavyopata wengi zaidi wasioona mbali. Shule inayoongeza tatizo haiwezi kukataa kulitafuta.

Mwalimu ukinisoma, mimi si mtaalamu, ni mtunga hadithi tu. Lakini chati moja, kamba ya mita sita, kiganja cha kufunika jicho na daftari la kuandika majina vinatosha kuanza. Aliyeshindwa mstari wa 6/12 apelekwe kwa wataalamu, na wakati anasubiri ahamie dawati la mbele leo leo, maana dawati la mbele halihitaji bajeti. Na wewe mwandishi chipukizi mwenzangu, unapotaka kumweka mjinga katika hadithi yako ili watu wacheke, kwanza muulize anaona nini.

Mwaka juzi nilipita kwenye shule yetu ya zamani wakati wa likizo. Darasa la tano lilikuwa wazi. Nilichukua kamba, nikaanzia ubaoni, nikapima mita sita kuelekea nyuma. Kamba ilikwisha, na mbele yangu kulikuwa bado na safu mbili za madawati. Letu lilikuwa la mwisho.

Hadithi ile sijaichana. Ninaiandika upya. Bado iko na karai, iko na dimbwi la Nyarugusu, iko na jina la Macho, lakini haichekeshi tena. Wakati naimalizia, ndugu msomaji, nakuomba kitu kimoja. Leo jioni, dogo wa nyumbani kwenu akirudi kutoka shule, msimamishe mlangoni, mwonyeshe kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, umuulize: "Pale pameandikwa nini?"

Kisha umsikilize atakavyojibu.